Mlinzi wa Safari

Dawa ilikuja kwa basi la Dar, ndani ya boksi la betri za redio:
vidonge sita, pamba, na karatasi iliyoandikwa
SI YA KUMEZA.
Konda alinidai buku mbili ya mzigo.
Sikumwambia amebeba nini. Ningemwambiaje?
Kwamba ni safari ya mume wangu, kwenda na kurudi,
na tiketi yake huyeyuka chini ya ulimi?

Daktari Kisamo yuko kwenye simu, simu iko kwenye kikombe,
kikombe kiko juu ya cherehani, maana hapo tu
ndipo mtandao wa Newala hukubali kukaa.
Mama Asumini, anasema, leo wewe ni mlinzi.
Funguo za pikipiki zifiche. Pima presha.
Akilia, usimfute machozi.
Akiita jina la mtu, usijibu wewe.

Namuuliza: mate atakayotema nikamwage wapi?
Nina kuku.
Anafikiri kidogo. Chimba, anasema, ufukie.
Naona hilo hawakumfundisha chuoni.

Kitambaa cha macho hawakutuma. Nimekunja kanga,
maandishi nimeyageuzia ndani, yamguse kope:
HUJAFA HUJAUMBIKA.
Aliinunua mwenyewe Masasi, kabla.

Kabla ya magunia mia na ishirini ya korosho
na mteremko ambao breki zilisema basi.
Yeye alitoka na mkwaruzo kidevuni.
Mfaume, utingo wake, alikuwa juu ya mzigo, anakula bungo.
Tangu hapo, misimu mitatu, korosho zinaanguka zenyewe
wala hazina wa kuziokota ila mimi,
na usiku nasikia mguu wake
ukitafuta breki chini ya shuka.
Kombe amekunywa. Vidonge vya hospitali amekunywa.
Na pombe, nayo aliinywa kama dawa.

Anatema. Mikono iliyoshika usukani miaka kumi na saba
inafunguka juu ya mkeka.
Nusu saa. Uso wa daktari unaganda,
mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu.
Bando limekwisha.
Sasa nyumba nzima ni mimi, na kuku, na yeye aliye mbali.

Anasema: "Shimo la Mungu."
Pale ukingoni, ambapo ardhi yetu inakatika
na Ruvuma inaonekana kama uzi uliomdondoka fundi.
Anasema: "Naliona kwa chini."
Anasema: "Kumbe lina mlango."
Halafu, kwa sauti ya mtu anayebishania bei:
"Mfaume, shuka. Shuka bwana, tumefika."

Nimekatazwa kujibu. Niling'ata upindo wa mtandio.
Alirudia mara nne. Mara ya tano akanyamaza,
akacheka, kicheko kifupi, cha puani,
kile alichokuwa nacho tukichumbiana,
na mimi, sijui kwa nini, nikashikwa na wivu.
Wamepanda wote wawili gari
ambalo nalisukuma peke yangu.

Alipoamka aliomba maji. Kwetu maji hupimwa;
sikupima.
Akauliza: "Bungo zipo?"
Si msimu wake, nikasema. Akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliye tayari kusubiri.

Jioni nikanunua vocha. Daktari akaibuka, hoi kwa wasiwasi,
anauliza presha, anauliza alisema nini,
moja mpaka kumi, hali ikoje?
Sita, nikasema. Na ameikunja kanga mwenyewe.
Andika hilo, kama kuna mahali pa kuliandika.
Bado safari tano, akasema.

Nilitaka kumuuliza: na mlinzi, daktari,
mlinzi hulindwa na nani?
Lakini bando, unajua.
Nikatoka kuangalia pale nilipofukia.
Jogoo alishafika kabla yangu,
amesimama juu ya udongo mbichi, kichwa upande,
anasikiliza.